Doti, Sindano na Sebule: Ugogo Ilivyovaa Enzi za Ukoloni

Hongo ya Ugogo, yaani ushuru wa njia, ililipwa kwa nguo. Msafara uliotoka Pwani ukaivuka Marenga Mkali, ile nyika kavu iliyotenganisha Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ulijua kwamba upande wa pili kuna visima, mtama na ng'ombe, na kwamba vyote hivyo vina wenyewe. Mmoja wa wenyewe hao alikuwa mtemi Magomba wa Kanyenye. Wapelelezi wa Kizungu Richard Burton na John Speke walipita kwake mwaka 1857, Henry Morton Stanley akapita mwaka 1871, na vitabu vyao vinamsimulia kwa uchungu wa watu waliokamuliwa. Walichotozwa ni merikani, kaniki na vitambaa vya rangi, kwa hesabu ya shuka na doti.

Wasomaji wa Ulaya walifunga vitabu hivyo wakiamini kwamba Wagogo ni wanyang'anyi. Mtu aliyewahi kukaa Dodoma mwezi wa Oktoba ataelewa vingine. Huku mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, basi. Miezi iliyobaki maji ni ya kuchimba, kisima kinachotosha kaya kadhaa na mifugo yao. Msafara wa mamia ya wapagazi ukilala hapo usiku mmoja, asubuhi kisima ni tope. Doti alizodai mtemi zilikuwa bei ya maji, na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kwenda Unyanyembe, huko Tabora, isiyopita kwa Wagogo au majirani wao wakali zaidi, bei haikuwa na sababu ya kushuka.

Shuka moja ilikuwa yadi mbili, doti yadi nne, jora la merikani yadi thelathini hivi. Stanley, kabla ya kuondoka Zanzibar, alipiga hesabu ya chakula cha watu mia moja kwa miaka miwili akapata yadi 16,000 za merikani, yadi 8,000 za kaniki na yadi 5,200 za vitambaa mchanganyiko. Hiyo ilikuwa fedha yake ya matumizi, imebebwa kichwani na binadamu.

Merikani ilitoka Marekani kweli. Sultani Sayyid Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na nchi hiyo mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem huko Massachusetts, akafungua ofisi Unguja. Manahodha wa Salem waliteremsha pamba nyeupe ngumu isiyotiwa rangi wakapakia sandarusi, ngozi na pembe za ndovu. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, viwandani mwa Ivoryton na Deep River, zikachongwa vibonyezo vya piano. Kwa hiyo binti wa New England aliyekaa sebuleni kwao akijifunza piano alikuwa anagusa mzigo uliopita Ugogo, na Mgogo aliyejitanda merikani alikuwa amevaa kazi ya binti mwingine wa New England, yule wa kiwandani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliiadimisha pamba hiyo, Waingereza na Wahindi wakaingiza ya kwao, lakini jina halikubadilika. Hadi leo ukienda dukani ukaomba merikani utapewa.

Si Ugogo yote iliyopitiwa na mizigo hiyo. Haneti, kwa mfano, haikuwa kwenye njia kuu ya misafara. Iko kaskazini ya mji wa Dodoma, upande wa kuelekea Kondoa, nchi ya vilima vya mawe ambayo leo, ndani ya Wilaya ya Chamwino, inajulikana zaidi kwa vito vya kijani vya krisopraso. Misafara ilipita kusini mwake. Nguo ilifika kwa kupita mikono: hongo ya mtemi ikawa zawadi kwa ndugu, zawadi ikawa sehemu ya mahari au bei ya mbuzi, mbuzi akaswagwa kaskazini. Shuka iliyofika huko ilikuwa imeshakuwa na wenyewe wengi, na thamani yake ilitokana na hilo pamoja na uzi wake.

Chini ya shuka hiyo, au badala yake, palikuwa na ngozi. Wagogo ni wafugaji, na vazi la ngozi ya mbuzi au ndama lilitengenezwa nyumbani: ngozi inawambwa, inakunwa nyama na manyoya, inapakwa mafuta, kisha inafikichwa kwa mikono hadi ilainike. Wanawake walizipamba kwa shanga, nazo zilikuja na misafara ileile. Masikio yalitobolewa na ndewe zikatanuliwa kwa vijiti na mapambo, jambo lililowashangaza wageni kuliko lolote, kiasi kwamba picha nyingi za zamani za Wagogo ni picha za masikio yenye watu nyuma yake. Mwili ulipakwa udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Nguo iliyovaliwa juu ya mwili wa namna hiyo haikai nyeupe. Merikani ya Salem iligeuka rangi ya ardhi ya Ugogo ndani ya siku chache, na nadhani hapo ndipo ilipokuwa nguo ya Kigogo.

Nguo hiyo haikuwa na mshono hata mmoja. Mwanamume aliivaa lubega, fundo begani, mkono mmoja wazi kwa ajili ya fimbo au mkuki. Mwanamke alijifunga kaniki kifuani au kiunoni. Kwa nusu karne na zaidi pamba iliingia Ugogo kwa maelfu ya yadi pasipo sindano kuwa na kazi kubwa nayo. Kitambaa kikichakaa kilishuka cheo, kutoka begani kwa mkubwa hadi kiunoni kwa mtoto, kisha kikawa cha kubebea na kufungia, na mwisho utambi.

Sindano ya kushonea nguo ilikuja na dini na reli, kwa nyakati tofauti na kwa watu tofauti.

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianza kazi Mpwapwa mwaka 1876, na mwaka uliofuata Alexander Mackay akafyeka barabara ya mikokoteni kutoka Saadani hadi huko. Mwishoni mwa 1884 njia hiyo ilimpitisha Annie Hore, mke wa nahodha wa misheni ya London aliyekuwa akifanya kazi Ziwa Tanganyika. Alisafiri kutoka Saadani hadi Ujiji na mtoto wake mdogo, akiwa amekalia kiti cha magurudumu ambacho kwa sehemu kubwa ya safari magurudumu hayakufaa kitu, wapagazi wakakibeba. Kitabu chake kilitoka 1886. Mfikirie mwanamke wa Ugogo anayemwona kwa mara ya kwanza mwanamke mwenzake amefunikwa nguo kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, kila kipande kimekatwa kikashonwa kufuata mwili, katika joto lile. Vitabu vimejaa mshangao wa Wazungu mbele ya mavazi ya Wagogo. Mshangao wa upande wa pili haukupata mchapishaji.

Misheni ilihitaji nguo iliyoshonwa kwa sababu iliona ukristo na vazi kuwa jambo moja. Wavulana wa shule walipewa kanzu, vazi la Pwani, lililokuwa limeshatangulia bara mabegani mwa wafanyabiashara Waislamu na maakida. Wasichana walishonewa gauni jeupe la ubatizo. Wazee waliona mapema kilichokuwa kikitokea: kijana aliyevaa kanzu alikuwa anaacha udongo mwekundu, anaziba ndewe zake, na kesho yake atakataa kucheza ngoma ya jando. Hawakukosea sana. Ila walichelewa kuona kwamba hatari kwa ngozi na lubega haikuwa kanzu. Ilikuwa kodi.

Wajerumani waliiua hongo, kisha wakaleta yao. Kodi ya kibanda iliyoanza 1898 ilitaka rupia, tatu kwa nyumba za vijijini. Doti ikapoteza kazi yake ya fedha katika kizazi kimoja. Aliyekuwa akihifadhi nguo kama akiba alilazimika sasa kuuza ng'ombe, samli au nguvu zake apate sarafu, na sarafu iliyobaki baada ya kodi, kama ilibaki, ikanunua nguo ya kuvaa. Kitambaa kilishuka kutoka hadhi ya benki hadi hadhi ya bidhaa.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na pamoja nayo maduka ya Wahindi. Wengine walikuwa wameshazoea bara kabla ya reli: Allidina Visram, aliyeanza Bagamoyo chini ya Sewa Haji, alikuwa na mtandao wa maduka kufuata njia za misafara. Sasa duka lilikuwa na anwani, na barazani kwake palikuwa na cherehani.

Mtazame fundi wa baraza hilo, maana yupo hadi leo kwenye miji yetu midogo na amebadilika kidogo sana. Mashine yake ni Singer nyeusi yenye maua ya dhahabu, pengine imetoka kiwanda cha Clydebank huko Uskoti. Mteja ananunua kitambaa ndani kwa mwenye duka, kaki kwa kaptula, bafta kwa kanzu, merikani kwa shati la kazi, anatoka nacho nje hatua tatu na kumkabidhi fundi. Fundi anapima kwa futi ya kitambaa au kwa jicho, anachora kwa kipande cha sabuni, anakata. Miguu inaanza kukanyaga. Mapande yanashikanishwa kwa bandi, yanapigwa mashine, uzi wa bandi unachomolewa, kaptula inalambwa na pasi ya mkaa iliyopulizwa jivu kwanza ili isichafue. Mtu aliyekuja asubuhi na lubega anaondoka jioni na mifuko miwili. Mifuko ndiyo iliyouza kaptula, kwa maoni yangu. Shilingi, cheti cha kodi, barua ya bosi: ukoloni ulileta vitu vidogo vingi vya kutunza mwilini, na shuka haina pa kuvitia.

Fundi huyo alikuwa mwanamume. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kisha vita. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliiteka Kondoa, na Julai yakashuka hadi Dodoma. Nchi ya Haneti ipo katikati ya miji hiyo miwili. Kabla yao Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waliofuata wakachukua walichokikuta. Mvua ikagoma. Njaa iliyofuata, ya 1917 hadi 1920, Wagogo wanaiita Mtunya, na katika wilaya ya Dodoma peke yake iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000. Katika historia ya mavazi ni rahisi kuipita njaa kwa sentensi moja, lakini fikiria kinachotokea ndani ya nyumba. Shanga zinauzwa. Shuka ya akiba inauzwa. Ng'ombe waliokuwa wakitoa ngozi wamekufa au wameswagwa na jeshi. Nguo mpya haziingii, kwa kuwa manowari za Waingereza zilikuwa zimeufunga mwambao tangu mwanzo wa vita, hata Wajerumani wenyewe walirudia kusokota na kufuma pamba ya hapahapa. Maarifa mengi ya ngozi na shanga yalikuwa kichwani mwa wanawake wazee, na wazee ndio njaa huanza nao. Mathias Mnyampala, aliyekuja kuandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichochapwa 1954, alizaliwa Ugogo mwaka uleule wa 1917. Kizazi chake kilikua katikati ya mapengo hayo.

Waingereza walipotulia, walikuja na mawazo mawili yaliyogombana. Gavana Donald Cameron, aliyeanza utawala wa kupitia watemi mwaka 1926, alitaka Mwafrika aendelee katika njia zake mwenyewe asije akawa mwigo mbaya wa Mzungu. Kwa watu wa fikra hizo, Mgogo mwenye lubega alikuwa mtu halisi, na karani mwenye suruali na kofia alikuwa kichekesho, na wacheza ngoma ya beni waliovaa kama askari na mabaharia walikuwa kichekesho cha kutiliwa shaka. Wakati huohuo tume ya Phelps-Stokes, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ilisisitiza elimu ya wanawake iliyojengwa juu ya nyumba: afya, upishi, malezi, kushona. Basi baba alitakiwa abaki Mgogo, mama awe mke wa nyumba kwa mfano wa Kiingereza. Sijui ofisa gani aliyekaa akafikiri hao wawili wangeishije chini ya paa moja.

Mwaka 1927 George Chambers aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kati ya Tanganyika, na wamisionari wa Australia wakaanza kumiminika Ugogo. Mvumi ikawa na hospitali na shule ya wasichana. Mwaka 1934 wakaja Wapasionisti wa Kikatoliki kutoka Italia. Waanglikana na Wakatoliki walibishana mengi, lakini juu ya sindano walikubaliana. Msichana alianza na kipande cha merikani: kukunja pindo, kushona kifungo, kutengeneza tundu lake, kutia kiraka kisichoonekana. Akifaulu, anapewa nyuzi za rangi aanze kudarizi. Umoja wa Akina Mama wa Anglikana, chama kilichoasisiwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876, kiliwaendeleza baada ya ndoa.

Hapa tusogee karibu. Chukua foronya moja ya mikono hiyo, maana bado zipo kwenye masanduku ya bati. Ni bafta nyeupe iliyofuliwa hadi ikawa laini kama sikio la mwana-mbuzi. Katikati pana maua mawili na ndege, mchoro ulionakiliwa kwa karatasi ya kaboni. Ukitazama kwa makini utaona mstari wa bluu pale uzi ulipoukosea. Mashina yameshonwa kwa mshono wa shina, petali kwa mshono wa mnyororo, katikati ya ua vifundo vya njano. Chini yake maneno: Usiku Mwema, au Lala Salama. Ukingoni kuna lasi iliyofumwa kwa kulabu, na lasi ndiyo inayomtofautisha mwanafunzi na fundi, kwa sababu haina mchoro wa kufuata; inahesabiwa kichwani. Igeuze. Upande wa ndani hauna uzi unaoning'inia, kwa vile mwalimu aliyekuwa akisahihisha alianza kwa kugeuza.

Ua lenyewe ni la Uingereza. Ugogo haina ua la namna hiyo, na ndege yule hafanani na ndege yeyote anayetua kwenye mibuyu yetu. Ndiyo sababu wataalamu wa urithi huziruka foronya hizi wakatafuta ngozi na shanga. Mimi naona wanakosa. Binti aliyekuwa akihesabu nyuzi za lasi alikuwa na mama anayepanga shanga kwa hesabu ya rangi na bibi anayesuka, na mikono haikuanza upya kwa sababu kitabu cha mwalimu kilichapwa nje. Isitoshe, wanawake hao walichagua. Mengi waliyofundishwa yalikufa siku ya mwisho ya shule. Hakuna aliyerudi kijijini akashona soksi za sufu. Foronya, shuka za kitanda, vitambaa vya meza na vya kufunikia chakula viliishi.

Lakini vingeishi wapi? Kitambaa cha meza kinataka meza. Tembe la Kigogo lilikuwa nyumba ndefu, fupi kwa kimo, paa bapa la miti na udongo, imezunguka ua ambamo ng'ombe walilala. Ndani ni giza na moshi, na hilo lilikuwa na faida yake: joto usiku, wadudu wachache, paa lisiloungua kirahisi. Kulikuwa na kitanda cha miti kilichotandikwa ngozi, vihenge vya nafaka, vibuyu vya maziwa, vyungu, jiwe la kusagia. Mgeni alikaribishwa kwenye kigoda, uani au kivulini. Foronya nyeupe ndani ya tembe ingekuwa kahawia kabla ya mwezi kwisha. Kwa miaka mingi basi kazi hizi ziliishi nyumbani kwa mwalimu, mchungaji, mganga wa zahanati na karani, watu wenye nyumba za pembe nne zenye dirisha, na kwa wengine wote zilikaa sandukuni zikingoja msiba, harusi au ugeni wa padri. Ukimtembelea mtu akatoa kitambaa cheupe akakitandika juu ya meza ya kuazima, ulijua cheo chako.

Nguo za mwilini zilienda kwa mwendo wa haraka zaidi. Miaka ya 1930 pamba ya Japani ilifurika Tanganyika, kwa sababu mikataba ya Bonde la Kongo iliizuia Uingereza kuipendelea Manchester kwa ushuru. Bei ikashuka, wakati ambapo bei ya ng'ombe na nafaka nayo ilikuwa chini. Kanga, zilizokuwa zimeanzia Zanzibar na Mombasa karne iliyotangulia, zikawa za mke wa mkulima pia. Desemba 1941 Japani ikaingia vitani na bomba likafungwa. Nguo ikaadimika, bei ikapanda, na wanaume waliouzoea mfuko wa kaptula wakavaa viraka juu ya viraka. Ngozi haikuwa imeondoka kabisa vijijini, kwa hiyo haikuhitaji kurudi.

Halafu karanga. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa, ulioanza 1947 na kuzikwa mwanzoni mwa 1951 ukiwa umekula mamilioni ya pauni, unasimuliwa siku zote kama kisa cha matrekta na ujinga. Haukuotesha karanga za maana, ila ulilipa mishahara. Maelfu ya vijana waliopita Kongwa walirudi makwao na shati, suruali, viatu, blanketi, na kanga za mama. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ikaanzisha vilabu vya wanawake chini ya idara ya maendeleo ya jamii, vikifundisha kusoma, usafi, malezi, na bila shaka kushona na kufuma. Wake wa maofisa walikuja kuhukumu mashindano ya vitambaa. Wanawake walikwenda kwa sababu zao: nafasi ya kukaa pamoja bila kuulizwa, na vyama vya baadaye, Umoja wa Wanawake (UWT) wa 1962 ukiwemo, vilikuta tayari wanawake wanaojua kuketi kwenye mkutano na kutunza daftari la michango.

Nilisema tutarudi kwa fundi. Katika miaka hiyo yote ya sindano mikononi mwa wasichana, cherehani ya barazani, ile yenye malipo, ilibaki ya mwanamume. Mwanamke alifundishwa mshono usiouzwa: kwa ajili ya mume, mtoto, altare na kitanda chake mwenyewe. Mwanamume, ambaye hakuna shule iliyomwambia kwamba kushona ni wito wake wa asili, aliketi barazani akashona magauni ya wake za wenzake kwa fedha taslimu. Hili ndilo kosa la elimu ile, na ni kubwa kuliko lile la maua ya kigeni. Lilichukua muda kurekebishwa. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa Uswidi, vilikuwa miongoni mwa vilivyomkalisha msichana wa kijijini mbele ya mashine kwa nia kwamba iwe riziki yake.

Uhuru haukuacha kuwakagua watu walichovaa. Mwaka 1967 na 1968 viongozi wa Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai lubega na kuwavalisha suruali, na Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ukaanza kuwasaka Dar es Salaam wasichana wenye sketi fupi. Mmoja aliambiwa amevaa kidogo mno kwa sababu ni mshamba, mwingine kwa sababu ni wa mjini. Ukilinganisha na maneno ya Cameron utaona serikali zilibadilishana zamu tu juu ya mwili uleule.

Ugogo, badiliko kubwa halikupitia nguo, lilipitia nyumba. Operesheni Dodoma, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kabla ya vijiji vya ujamaa kuwa lazima nchi nzima, iliwahamisha Wagogo kutoka kaya zilizotawanyika na kuwapanga kwenye mistari. Tembe likahesabiwa kuwa dalili ya kubaki nyuma. Palipowezekana ikaja nyumba ya tofali yenye vyumba, na kadiri bati lilivyopatikana, sebule. Ng'ombe akapewa zizi lake mbali na mlango. Kwa mara ya kwanza familia ya kawaida ilikuwa na chumba kisicholaliwa, kisichopikiwa wala kuhifadhia nafaka, chumba cha mgeni, na chumba hicho kilikuwa kitupu. Kilijazwa na kilichokuwa sandukuni. Vitambaa vilivyosubiri miaka thelathini vikapanda juu ya viti, meza, redio, kabati, baadaye juu ya televisheni. Leo sebule ya Haneti au ya jirani zao wa Itiso yenye makochi bila vitambaa vya kufuma inaonekana kama nyumba ya mtu anayehama.

Nguo za ngoma zilichukua njia yake. Ukienda kwenye tamasha la muziki wa Wagogo kule Chamwino, utawaona wanawake wa muheme, ngoma zimebanwa mapajani, wamevaa vitambaa vyeusi na mikanda ya shanga iliyopishana kifuani. Watalii huandika kwamba ni vazi la kale la Kigogo. Kitambaa cheusi ni mjukuu wa ile kaniki aliyoihesabu Stanley, shanga zinatoka kiwandani, na mavazi ya kikundi yameshonwa na fundi kwa vipimo ili yafanane. Sioni ubaya. Wanaolivaa wameamua ndilo lao, na wamekuwa nalo muda mrefu kuliko Waingereza walivyokuwa na nchi hii.

Dar es Salaam, katika Kijiji cha Makumbusho, kuna tembe la Kigogo miongoni mwa nyumba za makabila. Mimi ningeomba pembeni yake ijengwe nyumba ya pili ya Ugogo, ya bati, ya mwaka 1975 hivi, na sebule yake: kalenda ukutani, redio ya betri ikiwa na kitambaa juu, makochi ya mbao, na kila mgongo wa kiti umevikwa kazi ya kulabu. Vitambaa hivyo visinunuliwe vile vya mashine vinavyoletwa kwa makontena. Viagizwe kwa wanawake wa Haneti wanaofuma bado, na kila kimoja kilipiwe bei ambayo fundi wa barazani angedai kwa saa hizohizo.